Mbuzi ya Bi Kirembe

Zamzam alileta mashine ya kukuna nazi, ya tatu tangu aolewe, akamwambia mama mkwe wake ile mbuzi kuukuu ya kukunia ichanjwe, iwe kuni za pilau ya harusi. Bi Kirembe alikwenda uani, akaikalia.

"Mama, inuka basi, watu wanakuja."

"Waje. Mimi nimeshapata pa kukaa."

"Mashine inamaliza nazi zote hujavunja hata ya pili!"

"Na bwana harusi tutamsengenya saa ngapi, mwanangu, na ngurumo hiyo?"

Zamzam akaiwasha kwa hasira. Ikanguruma hata kuku wakaruka ukuta. Wanawake wa mtaa waliokuja kusaidia wakaizunguka, midomo inacheza, hakuna anayemsikia mwenzake.

Bi Kirembe akavunja nazi, akanywa maji yake, akaanza kukuna taratibu huku akimnong'oneza jirani yake sikioni. Jirani akacheka mpaka kanga ikamvuka. Mwanamke mmoja akasogea. Wa pili akaburura kigoda chake. "Anasemaje? Hebu rudia!"

Zamzam akabaki peke yake na mashine, kidole juu ya swichi, shingo ameirefusha upande wa kicheko.