Figo la Jirani

Doa jeusi la dawa lilionekana wazi kwenye picha, lakini kwenye figo lisilo na uvimbe.

Fundi wa picha alilitambua kosa mara moja. Dawa ile ina chembe za chuma. Sumaku ikifungwa kiunoni huivuta mpaka penye saratani. Daktari bingwa alisahau kwamba picha hukutazama uso kwa uso, kushoto kwa mtazamaji ni kulia kwa mgonjwa. Akaifunga sumaku upande usio na saratani.

"Tutasema mwili umeikataa," bingwa alinong'ona, akilamba maji ya chungwa alilokuwa akila, yaliyomchuruzika hadi kifundo cha mkono.

Spika ikakoroma. "Dawa imefika, mwanangu?" mama mgonjwa aliuliza kutoka ndani ya mashine ya picha.

Fundi alimtazama bingwa akinyonya kidole, kisha akabonyeza kitufe cha kipaza sauti.

"Imefika kwenye figo la jirani, mama. Muulize huyu aliyeielekeza."