Kidole cha Zawena

Hedifoni zilitolewa kabatini siku mkaguzi alipokuja kuona maendeleo ya vishikwambi darasani. Zilinunuliwa kwa ajili ya Zawena, mwanafunzi pekee asiyeona, ili ayasikie maswali. Hakuwahi kuzivaa. Mwalimu Mkuu alizifungia zikiwa ndani ya nailoni yake, zisije zikachakaa.

Sasa alimvisha zikiwa na nailoni hiyohiyo, ikawa inachakarika masikioni mwa mtoto. Waya ulining'inia mapajani mwake.

"Mwalimu Mkuu, haujachomekwa," Bi Tunu, mwalimu wa darasa, alinong'ona.

"Usituaibishe mbele ya mgeni."

Mwalimu Mkuu akatabasamu, akakikamata kidole cha Zawena na kukigandamiza kwenye kioo cha kishikwambi, kama warithi wenye tamaa wanavyokigandamiza kidole cha maiti kwenye wosia. Kioo kikawa kijani.

"Jibu sahihi!" mkaguzi akasema, akapiga picha. "Basi hata wenye mahitaji maalumu wamelifikia lengo."

Darasa likapiga makofi. Viganja vya Bi Tunu navyo vilikuwa vinapiga pamoja na vya wanafunzi.

Mwalimu Mkuu alizivua hedifoni, akazifuta jasho la mtoto kwa leso, akazirudisha kabatini na kufunga kufuli. Kisha akamwongoza mgeni kwenda kunywa chai.

Zawena alikuwa akikisugua kidole kwenye sketi, akikinusa, akikisugua tena.

"Mwalimu," akauliza, "nimejibu nini?"