Jengo Lisilonyamaza

Sheria inalitaka kila jengo la mjini limsimulie historia yake yeyote anayeingia, na swichi ya kulizima hakuna. Mwanahamisi, fundi cherehani, amechoka. Leo asubuhi bibi harusi alikuja kupimwa gauni, ukuta ukaanza: “Hapa palikuwa duka la sanda.” Bibi harusi akakunja kitambaa chake akaondoka.

“Ungeanzia kwenye duka la mikate, ungepungukiwa nini?” Mwanahamisi aliufokea ukuta.

Saa saba mumewe, Shebe, alimletea chakula. Ukuta ukaanza tena: sanda, mikate, halafu, “Sasa ni duka la Mwanahamisi. Jana alijifungia humu akalia, akasema hataki kurudi nyumbani.”

Mwanahamisi alifungua mdomo. Shebe, hotipoti mkononi, akamwonyesha kidole anyamaze. Alitaka ukuta umalize.