Hodi Kwenye Maonyesho

Mtaa mzima ulibomolewa kupisha Maonyesho ya Dunia. Ikaachwa nyumba moja tu, ya Siwema, ikazungushiwa kamba ili wageni waone watu wa mji walivyokuwa wakiishi. Siwema mwenyewe aliajiriwa akae ndani, akoroge chungu cha maji matupu, asizungumze na mtu. Akifungua mdomo, kazi hana na pa kulala hana.

Siku hiyo, katikati ya wageni, akamwona Bi Mwanakombo, jirani yake wa miaka yote, aliyehamishiwa mbali huko nje ya mji. Bibi alifika kwenye kamba, akavua kandambili zake, akaziweka vizuri kando.

"Hodi," akasema.

Siwema akakoroga maji.

"Hodi, Siwema. Ni mimi, mwanangu."

Mwiko ukagonga chungu. Wageni wakacheka kidogo, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Bibi akatega sikio, kama anayeamini mwenye nyumba yuko uani.

"Hodi," akasema mara ya tatu, taratibu sana, kwa sababu baada ya hapo mtu asipojibiwa huondoka.

Siwema akainamia chungu, akazidi kukoroga. Mlinzi akamshika bibi mkono kwa adabu.

"Twende, mama. Hapa hakai mtu."

Akamtoa pekupeku. Aliporudi, mlinzi aliziokota zile kandambili, akazitazama, kisha akazipanga mlangoni, zikiwa zimeelekea ndani. Wageni wakasogea kuzipiga picha.