Kikapu Pungufu

Enzi zile jirani alipokuwa jirani, Kuchakulo aliishi juu ya mti wa mkungu, na Fuko kipofu aliishi shimoni chini yake. Kila msimu Kuchakulo alimshushia Fuko kungu, matunda ya mti huo, kwa kikapu na kamba, kikapu baada ya kikapu, vyote vimejaa. Kungu zikimwishia Kuchakulo kabla ghala la Fuko halijajaa, kikapu cha mwisho kilishuka nusu. Fuko alikipima mkononi, akacheka, "Basi, jirani!" Kisha akaziba mlango, akalala.

Kuchakulo alipokufa, binti yake alirithi kikapu na kamba. Huyu alikuwa na haya nyingi. "Nimshushie mzee kikapu pungufu? Wataniita mchoyo!" Kungu zilipobaki nusu kikapu, akazila mwenyewe.

Huko chini Fuko alingoja, mlango wazi. Mvua ikanyesha, maji yakaingia ghalani, yakazoa kungu zote.

Binti alishuka mbio. "Shikamoo, babu! Mbona hukuziba mlango?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilikuwa nangoja kikapu cha mama yako."

"Kikapu gani tena, babu? Mimi nilikushushia vyote vimejaa!"

"Ndiyo. Na kikapu kilichojaa husema kingine chaja. Mama yako alinipa nusu, nami nikajua amemaliza."

Msimu uliofuata, kikapu cha mwisho kilishuka nusu. Fuko alikipima mkononi, akasahau kucheka. Alikikumbatia kwanza, ndipo akaziba mlango.