Majina Ng'ambo ya Daraja

Kila Célestin alipoitwa Célestin, Nzanzu aliandika.

Wala hakujificha. Alisimama palepale njiani, akatoa daftari kwenye mfuko wa shati, akalowesha ncha ya penseli kwa ulimi, akaandika, kisha akakaza mwendo kuwafikia wenzake huku sufuria ikimgonga mgongoni.

Walikuwa walimu wanne wa shule moja ya Butembo, na huo ulikuwa mwaka wa sabini na mbili, serikali ya Zaire ilipopiga marufuku majina ya ubatizo. Shuleni Marie-Louise alikuwa Kavira, Xavier alikuwa Kambale, na padri aliyethubutu kumpa mtu jina la mtakatifu alijua gereza liko wapi. Basi likizo ilipofika walijitwika mizigo mgongoni, wakavuka daraja la Mpondwe kwa miguu, na mara tu walipokanyaga Uganda wakapagawa.

"Xavier!"

"Marie-Louise!"

"Célestin Marie Joseph!" Célestin alijiita mwenyewe, maana hakuna aliyelimalizia vizuri. Akina mama wa Bwera waliokuwa wakienda sokoni walitua vikapu ili wawatazame vizuri hawa vichaa. Marie-Louise alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Hakuwa amejua kwamba jina lake lina utamu wote ule.

Nzanzu peke yake hakupiga kelele. Alikuwa mwalimu mgeni, mpole, mtu wa kusikiliza, na Marie-Louise ndiye aliyemkaribisha safarini.

Kwenye mlima wa Kyarumba, pumzi zikiwa zimewaishia, ndipo maswali ya Nzanzu yalipoanza.

"Célestin, ulibatizwa parokia gani?"

"Ya kwetu, ya zamani. Juu ya nini unauliza?"

"Mwaka gani? Padri gani? Na kipaimara ulipata?"

Alimuuliza Xavier vilevile, halafu Marie-Louise. Majibu yote yakaingia daftarini. Alipoteremka kijitoni kuchota maji, wenzake watatu wakakutanisha vichwa.

"Ule iko mutu wa chama ya serikali," Xavier alinong'ona. "Anaandika mpaka mapadri. Tukirudi, batatufukuza kazi bote."

"Na ni weye ulimuleta," Célestin alimwambia Marie-Louise.

Marie-Louise alikaa juu ya mzigo wake. Kazi yake ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba nzima, lakini hata hiyo haikumtisha kama kumfikiria padri aliyembatiza, mzee wa watu, sasa anatembelea fimbo, akiburutwa kituoni kwa sababu yeye amepiga kelele darajani.

Kasese waliingia misa ya asubuhi. Wenzake walipokwenda kukomunika, Nzanzu alibaki kwenye benchi, ametulia.

"Umeona?" Xavier alisema nje. "Hata Mungu hamutaki!"

Kuanzia hapo hakuna aliyeita jina la mtu. Walibuniana mengine: Xavier akawa Chumvi, Marie-Louise akawa Kijiko, na Célestin, kwa kura mbili dhidi ya moja, akawa Nyanya. Walitembea hivyo mpaka Hamukungu, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, "Nyanya, ngoja!", "Kijiko, leta maji!", wakichekea viganjani. Nzanzu alitembea nyuma na daftari lake, mnyonge kwa kukosa la kuandika.

Ufukweni alivua shati ili anawe. Nyanya hakusubiri kuambiwa. Alilichomoa daftari akalivurumisha ziwani kwa nguvu zote.

Mvuvi mmoja, mtu mwema kupita kiasi, akalifuata kwa mtumbwi, akaliopoa, akalirudisha akitabasamu.

Nzanzu hakugomba. Alianika kurasa juu ya mawe, moja moja, akizipuliza, machozi yakimlengalenga. Kisha akamgeukia Célestin.

"Mwaka yako ya kipaimara imefutika. Unikumbushe tena."

Célestin, kwa hofu, akamtajia mwaka, mwezi, na hata askofu.

Jumapili walikuwa tena Bwera, hatua chache tu kutoka mpakani. Kabla ya misa Nzanzu alitoweka. Marie-Louise akamkuta nje ya kanisa, ananakili majina yao kwenye karatasi safi kwa mwandiko wa ubaoni. Aliona hana tena la kupoteza.

"Nzanzu, nakuomba. Miye uniandike, si kitu. Lakini padri yangu umuache. Iko muzee."

Nzanzu alimtazama kwa mshangao. "Siwezi, Marie-Louise. Banataka yote. Nikiacha kitu, batanirudisha."

"Na sisi? Hukutuhurumia hata kidogo?"

"Nilitaka kubaambia," alisema, akiangalia viatu vyake. "Niliona haya."

Kengele ikalia. Marie-Louise alikaa kati ya Xavier na Célestin, na hakusikia neno hata moja la mahubiri. Alikuwa akihesabu hatua: kutoka benchi hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi barabara ya Kasese. Wangeweza kukimbia. Wangebaki Uganda, wauze maharage.

Mahubiri yalipokwisha, padri alifunua karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wa ubaoni. Akasoma kwa sauti, taratibu, majina yote matatu, na parokia, na miaka.

"Hao wako hapa? Kuja mbele."

"Tumekwisha," alisema Xavier.

Marie-Louise alisimama wa kwanza, maana yeye ndiye aliyemleta. Wenzake wakamfuata, Célestin akijikwaa kwenye kila benchi. Mbele ya altare Nzanzu alikuwa amesimama kando ya beseni la maji, amevaa shati jeupe.

"Mimi niliambia huyu kwamba msimamizi wa ubatizo ni moja tu inatosha," padri akawaambia. "Amekataa kuacha hata moja yenu."