Kaburi Katikati ya Kabichi

Kila mtu mzima wa kijiji kile, juu kidogo ya Kwai, alihudhuria mazishi yale. Ila marehemu alikuwa nani, hapo ndipo walipopishana.

Hidaya na Zabron wa darasa la sita walikuwa wametumwa na mwalimu wakachunguze historia ya kijiji. Wenzao walichagua msikiti, wengine mashine ya kusaga. Wao walichagua kaburi lisilo na jina, lililoko katikati ya shamba la kabichi la Bibi Dorkasi.

Walianza kwa jirani yake, Mzee Selemani.

“Shikamoo babu. Lile kaburi ni la nani?”

“Marahaba. La shangazi yake Dorkasi. Jeneza nilibeba mimi. Zito!”

Mama yake Zabron, aliyeimba na kwaya siku hiyo, alisema ni la mjomba wake Dorkasi. Mama yake Hidaya alikumbuka sufuria la makande alilopika, na jinsi alivyolia mpaka sauti ikamkauka.

“Ulimlilia nani, mama?”

Mama akamtuma akachote maji.

Basi wakaenda kwa mwenyewe. Bibi Dorkasi alikuwa akipalilia. Aliwasikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe.

“Mume wangu alipofariki tulimzika kwao, Bumbuli,” alisema. “Hata arobaini haijaisha, shemeji zangu wakaleta mnunuzi wa shamba hili. Anataka kujenga hoteli. Mimi nina watoto watatu wadogo, niende nao wapi?”

“Ikawaje, bibi?” Hidaya aliuliza.

“Waliporudi na mpimaji, wakakuta udongo mbichi na watu wanaimba. Mnunuzi akavua kofia. Akasema yeye hawezi kulaza wageni juu ya marehemu. Hatukumwona tena.”

Zabron alilitazama kaburi, akainamisha kichwa.

“Pole sana, bibi. Kumbe mwaka ule ulifiwa mara mbili.”

“Mara moja,” alisema Bibi Dorkasi, akarudi kwenye magugu yake. “Mle kuna mawe. Kijiji kizima tulikaa kikao, tukapanga kila kitu: jeneza, kwaya, makande, nani achimbe, nani alie. Tulichosahau kukubaliana ni nani amekufa.”